Kuku wa nyama wamepewa anzimu na bado hawakui: kosa liko wapi?

"Ile anzimu uliyoniambia ninunue haifanyi kazi." Simu nyingi zinazonifikia kutoka Kadutu, Bagira na Panzi, hapa Bukavu, huanza hivyo. Nikifika bandani nakuta kuku wa wiki tano wenye uzito wa wiki ya tatu na maranda yaliyoloa. Pembeni kuna kopo la unga mweupe lililofunguliwa tangu Noeli. Kopo ndilo linalolaumiwa, na mara chache sana ndilo lenye kosa.

Anzimu, au kimeng'enya kama wanavyoandika vitabuni, haimwongezei kuku chakula. Inafungua kile ambacho tayari kimo ndani ya chakula lakini kuku hawezi kukifikia. Karibu theluthi mbili ya fosforasi ya mahindi, soya na pumba imefungwa ndani ya fitati, kitu ambacho kuku hawezi kukivunja mwenyewe, na anzimu iitwayo fitazi ndiyo inayoifungua. Zilanazi na beta-glukanazi hukata nyuzinyuzi za pumba za ngano na za dreshi, yaani machicha ya bia. Mananazi hufanya kazi kwenye mashudu ya mawese, na proteazi husaidia kuvunja protini. Kama protini haimo ndani ya mchanganyiko wako, hakuna anzimu itakayoitoa hewani. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini nimeanza na kosa ninalolikuta mara nyingi, na kopo linapata zamu yake baadaye.

## Kabla ya kugusa chakula

Acha kusoma na umwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo ukiona mojawapo ya haya:

- vifo vimeongezeka maradufu siku mbili mfululizo, au banda la kuku 200 limepoteza wanne au watano kwa siku moja;
- damu kwenye kinyesi;
- shingo zilizopinda, kinyesi cha kijani, kuku wanakoroma au wanahema midomo wazi (mdondo, yaani Newcastle, huanza hivyo, na vyakula vyote vya dunia haviutibu);
- vichwa vimevimba, vilemba vimekuwa vya zambarau, na vifo vya ghafla.

Kwa hiyo dalili ya mwisho, usipasue mzoga kwa mikono mitupu, usiuze waliobaki, na usitupe mizoga kwenye mifereji inayoteremka ziwani. Ofisi ya ukaguzi wa kilimo, uvuvi na mifugo ya mkoa, IPAPEL, inapaswa kujulishwa.

## Dalili ya kwanza: uzito hauendi

Anza na mizani, kwa sababu jicho hudanganya. Pima kuku 20 uliowakamata bila kuchagua, asubuhi kabla hawajala. Kifaranga aliyeingia na gramu 40 anapaswa kuwa amefikisha angalau mara nne ya uzito huo siku ya 7. Asipofika hapo, tatizo lilianza kwenye joto, maji au kifaranga mwenyewe, na kubadilisha chakula wiki ya nne ni kuchelewa. Vitabu vya Ross 308 na Cobb 500, mbegu za kuku wa nyama, vinadai zaidi ya kilo 2 siku ya 35. Kwa chakula cha unga na usiku wetu wa baridi, mimi huridhika na kilo 1.7 au 1.8. Chini ya kilo 1.4, kuna kosa.

Chakula chenyewe ni chepesi. Hili ndilo la kwanza, na kwa mbali. Chukua mchanganyiko wa kawaida wa kilo 100: mahindi 60, soya iliyokaangwa 25, sambaza (samaki wadogo wakavu wa ziwani) 8, pumba za ngano 4, na zilizobaki ni chokaa, chumvi na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini). Mahindi yana protini karibu 8.5%, yanaleta kilo 5.1. Soya nzima yenye 37% inaleta 9.25. Sambaza nzuri zenye 60% zinaleta 4.8, na pumba 0.6. Jumla ni karibu kilo 19.75, yaani karibu 20%. Ni chakula halali cha wiki ya tatu hadi ya sita.

Sasa bei ya mahindi imepanda, na mfugaji anatoa kilo 30 za mahindi na kuweka kilo 30 za unga wa mihogo. Nguvu haipungui sana, kuku wanakula, mfuko unaonekana ule ule. Lakini muhogo una protini 2 au 3% tu. Amepoteza karibu kilo 1.8 za protini, na chakula chake sasa kiko 18%. Sambaza zikiwa robo yake ni mchanga, kilo nyingine 1.2 imeondoka, na amefika chini ya 17% bila kujua. Hapo ndipo ananunua anzimu. Zaidi ya hayo, muhogo una fitati kidogo, kwa hiyo hata fitazi inakosa pa kufanyia kazi.

Jedwali la Baraza la Utafiti la Taifa la Marekani (NRC) la 1994 liliweka protini 23% kwa wiki tatu za kwanza, 20% hadi wiki ya sita, kisha 18%. Lisini, moja ya asidi amino zinazojenga protini, ni 1.10%, 1.00% na 0.85% kwa vipindi hivyo hivyo. Ni jedwali la zamani, na kuku wa leo wana haraka kuliko wale. Kama huwafikii hata kuku wa 1994, tuache habari ya anzimu kwanza.

Vipimo viwili havigharimu kitu. Weka kijiko cha unga wa sambaza kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika tano: mchanga unakaa chini, unauona. Kisha rudia hesabu yako kwa kilo, si kwa gigozi. Gigozi ya unga wa muhogo na gigozi ya mahindi yaliyosagwa hazina uzito mmoja, na nimeona fomula nzuri kabisa zikiharibiwa na kopo hilo la maziwa ya mtoto.

Dreshi inastahili onyo lake. Ikitoka kiwandani mbichi, zaidi ya robo tatu yake ni maji. Anayeweka kilo 20 za dreshi mbichi ameweka kilo nne au tano za chakula. Ianike mpaka ikauke, na usizidishe kilo 5 za kavu kwa 100 kwa vifaranga, 10 kwa wakubwa. Ikikaa siku mbili au tatu imelowa inachacha na kuota ukungu. Hiyo ipe migomba kama mbolea.

Soya haijaiva. Soya mbichi ina vizuizi vinavyofunga kimeng'enya cha kuku mwenyewe cha kuvunja protini. Kongosho huvimba, protini inapita bure, kuku wanabaki wadogo huku wanakula sana. Kuongeza proteazi juu ya soya mbichi ni kuzoa maji huku bomba liko wazi. Maharage mabovu ya sokoni yaliyosagwa mabichi ni mabaya zaidi.

Kipimo cha nyumbani: twanga soya yako konzi moja, changanya na kijiko cha mbolea ya urea na maji kidogo ndani ya chupa, funga, subiri dakika 20, fungua na unuse kwa mbali. Harufu kali ya amonia, ile ya mkojo wa zamani, maana yake soya bado mbichi. Ikiwa haina harufu, imeiva. Mwaga mchanganyiko huo, kuku wasiuguse, urea ni sumu kwao. Soya iliyoiva vizuri ina rangi ya dhahabu na ganda limepasuka. Ikiwa nyeusi umeunguza lisini, na umerudi kule kule kwa njia nyingine.

Anzimu haikuchanganyika. Sasa tumefika kwenye kopo. Fitazi ya kawaida huwekwa uniti 500 kwa kila kilo ya chakula. Bidhaa yenye uniti 5,000 kwa gramu inahitaji gramu 100 kwa tani, yaani gramu 5 kwa mfuko wa kilo 50. Yenye uniti 10,000 ni gramu 2.5 tu. Soma kibandiko, usichukue kipimo cha jirani ambaye kopo lake si lako. Kijiko cha chai si gramu 5, inategemea unga. Mji wetu hauna uhaba wa mizani midogo: anayenunua dhahabu hapo mtaani kwako anaweza kukupimia gramu 5 mara moja, ukaweka alama kwenye kifuniko cha chupa na ukaitumia mwaka mzima.

Gramu 5 ukizitupa juu ya kilo 50 na kugeuza kwa chepe, kuku mmoja atapata ya kuku kumi, na wale tisa hawatapata kitu. Changanya kwanza na kilo moja ya unga laini wa mahindi ndani ya ndoo yenye kifuniko, tikisa dakika tano. Ile kilo changanya na kilo tano, zile tano na zilizobaki, na ugeuze rundo lote angalau mara sita.

Joto limeiua. Kimeng'enya ni protini, kinaiva kama yai. Nakiri kosa hili nililifanya mwenyewe: nilikaanga soya jioni, nikaogopa mvua, nikaisaga ikiwa bado moto na kumwaga premiksi na anzimu humo humo. Wiki tatu nilikuwa nalisha anzimu iliyokufa na kulalamika kwa aliyeniuzia. Ngoja unga upoe mpaka mkono hauhisi joto. Wanaopika uji wa mahindi na dreshi waweke anzimu baada ya kupoa, au waache kabisa kuinunua. Chakula cha chembe kutoka kiwandani hupita kwenye mvuke wa nyuzi 80 na zaidi, kwa hiyo aina ya anzimu iwe imeandikwa kwamba inastahimili joto hilo.

Ni ya zamani, au ililala vibaya. Unga ulioshikana mabonge umeingia unyevu. Mfuko wa premiksi wenye kolini na madini ukichanganywa na anzimu kisha ukakaa miezi, anzimu inapungua nguvu haraka. Hifadhi kando, pakavu, mbali na bati la jua, ndani ya chombo kinachofungwa.

Imehesabiwa mara mbili. Hili huwapata wanaojua zaidi, na linaudhi kwa sababu kila kitu kinaonekana sawa. Konsantre nyingi (chakula kizito cha kuchanganya na mahindi) zinazoingia hapa tayari zina fitazi, na mtengenezaji ameshapunguza fosforasi kwa sababu hiyo. Ukisoma kwenye kopo lako kwamba anzimu "inaokoa" fosforasi, nawe ukapunguza tena, umetoa fosforasi mara mbili kwa kazi moja. Uliza muuzaji swali moja tu: ndani ya hii konsantre kuna anzimu? Asipojua, chukulia kwamba imo na usipunguze chochote.

Kama umepita hatua zote hizi na bado una shaka na kopo, fanya jaribio dogo. Gawa kuku 40 wa uzito unaolingana, 20 upande huu na 20 ule, banda moja, maranda yale yale, chakula kutoka rundo moja. Upande mmoja una anzimu, mwingine hauna. Pima siku ya kwanza na ya kumi na nne. Kwa mahindi na soya safi tofauti huwa ndogo, kwa sababu vyakula hivyo havina nyuzinyuzi nyingi za kukata. Kwa pumba nyingi na dreshi hujitokeza. Ikiwa hakuna tofauti hata kidogo, weka pesa zako kwenye sambaza safi.

## Dalili ya pili: maranda mabichi, kinyesi kinanata

Kamata konzi ya maranda, finya, achia. Ikibaki bonge, ni mabichi. Kisha pima maji: kuku hunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, kilo 10 za chakula na lita 20 hivi za maji, zaidi kidogo siku za joto. Wakinywa mara tatu, kuna kitu ndani ya chakula kinachowapa kiu. Wakinywa kawaida na maranda bado yameloa, maji yanamwagika.

Mara nyingi ni hilo la mwisho. Vyombo vya maji viko chini, kuku wanaviparua. Ukingo wa chombo uwe usawa wa mgongo wa kuku. Banda limefungwa turubai pande zote kwa kuogopa baridi na mvuke hauna pa kutokea. Tengeneza haya kwanza, subiri siku nne.

Kisha chumvi. Kuku anahitaji sodiamu karibu 0.20% wiki za kwanza, jambo ambalo gramu 3 hivi za chumvi kwa kilo ya chakula, pamoja na sodiamu iliyomo tayari ndani ya chakula, hulitimiza. Samaki wengine hutiwa chumvi kabla ya kuanikwa, na mfugaji naye anaongeza chumvi yake kama fomula inavyosema. Njia ya kujua ni ya mama zetu: onja. Chukua samaki, mloweke dakika tano, onja maji. Yakiwa na chumvi ya kuonekana, toa chumvi yote ya fomula, na kama ni chumvi kali badilisha samaki. Hakuna anzimu inayoondoa chumvi, na chumvi ikizidi sana kuku hufa na maji tumboni.

Protini iliyozidi pia inalowesha. Kuku hutoa ziada kwa njia ya asidi ya yuriki, ule weupe wa kinyesi, na anahitaji maji kuitoa. Harufu ya amonia inayochoma macho asubuhi ni dalili. Anayewapa kuku wa wiki ya tano chakula cha vifaranga kwa kudhani anawasukuma, anasukuma maranda.

Hapo ndipo inakuja zamu ya nyuzinyuzi. Shayiri, ngano na mabaki yake yana nyuzi zinazoyeyuka ndani ya utumbo na kuwa uteute mzito. Chakula kinapita polepole, kinyesi kinanata kwenye manyoya ya nyuma. Kama pumba zako zimepita 15%, au una dreshi, zilanazi pamoja na beta-glukanazi zinaweza kubadilisha kinyesi ndani ya siku tano mpaka saba. Kwa mahindi na soya tupu usitegemee mabadiliko hayo.

Simama hapa kama kinyesi kina damu, au rangi ya nyanya iliyopikwa, au kuku wa wiki ya tatu hadi ya tano wamejikunyata manyoya wazi. Ni koksidiosi mpaka ithibitishwe vingine, na inahitaji dawa ya daktari. Maranda mabichi ndiyo yanayoilea, kwa hiyo mara nyingi unakuta yote mawili pamoja na unalazimika kuanza na dawa.

## Dalili ya tatu: miguu dhaifu

Chukua kuku aliyelala, jaribu kupinda mdomo wake kwa vidole viwili. Mdomo unaopinda kama mpira, na mfupa wa mguu unaokunjika badala ya kuvunjika, ni matege: ama fosforasi, ama kalsiamu, ama vitamini D3.

Sababu ninayoikuta zaidi ni ya mtu aliyesikia kwamba fitazi inachukua nafasi ya unga wa mifupa, akautoa wote. Haichukui. Uniti 500 za fitazi huachilia fosforasi ya kutumika 0.10 hadi 0.15% hivi, wakati kifaranga anahitaji 0.45% wiki tatu za kwanza na kama 0.35% baadaye. Sehemu kubwa bado inatakiwa itoke kwenye mifupa, samaki au fosfati ya kalsiamu. Ukiweka fitazi, punguza unga wa mifupa kidogo tu, na katika wiki mbili za kwanza usipunguze kabisa.

Ya pili ni kinyume chake: chokaa imezidi. Kalsiamu iwe karibu mara mbili ya fosforasi inayotumika, yaani 0.9 hadi 1.0% kwa vifaranga. Chokaa nyingi hushikana na fitati tumboni, fitazi inashindwa kuikata, na kuku anakosa fosforasi huku kopo likiwa zima kabisa. Wanaotumia chakula cha kuku wa mayai kwa kuku wa nyama, kwa sababu kilibaki, hufanya kosa hili hili; chakula hicho kina kalsiamu 3.5% au zaidi.

Na kuhusu chokaa: ile ya kupaka kuta si chakula. Inachoma mdomo na gole. Nunua ya mifugo, na kama muuzaji hajui tofauti, nenda kwa mwingine.

Ya tatu ni premiksi iliyokwisha muda wake, kwa vitamini D3 na B2. Kifaranga wa siku kumi mpaka kumi na nne mwenye vidole vilivyojikunja ndani kama ngumi, anayetembea kwa visigino, anakosa B2. Vitamini ndani ya maji humsaidia kama hujachelewa. Mguu uliopinda kando kwa sababu mshipa umeteleza kwenye goti unahusu manganizi na kolini, na huyo haponi. Chinja, linda waliobaki kwa premiksi mpya.

Kuku mmoja mmoja wenye mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, au kundi zima lililopooza ghafla, si suala la fomula. Mwite daktari.

## Dalili ya nne: punje nzima ndani ya kinyesi

Kwa kawaida kinu kimesaga vibaya. Kwa vifaranga, chembe isipite ukubwa wa punje ya mtama; mwambie mwenye kinu abadilishe chujio na usikubali jibu la "ni ile ile ya kila siku". Kama kusaga ni sawa na kinyesi kina ute wa rangi ya chungwa, fikiria koksidiosi inayoanza, au sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Amilazi (anzimu ya wanga) na proteazi haziwezi kusaidia utumbo uliojeruhiwa.

## Dalili ya tano: wanakataa chakula

Nusa mfuko. Mahindi mapya ambayo hayakukauka, yaliyofungwa yakiwa na joto la ndani, huota ukungu katikati ya gunia huku juu ni safi. Ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Pakiwa na joto au vumbi la kijani, gunia hilo lote ni la kutupa. Usilipunguze kwa kuchanganya na zuri, na usimpe ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumukuvu hupita mpaka kwenye maziwa na kufika kwa mtoto wako. Kukaanga hakuiondoi.

Ukungu usipoonekana, angalia mawese na sambaza zilizochacha, halafu unga wa muhogo uliosagwa laini mno. Kuku hawapendi vumbi. Mawese kilo moja kwa mfuko wa 50 hutuliza. Samaki waliounguzwa wakati wa kukaushwa wana sumu inayotoboa firigisi: ukiona matapishi meusi na firigisi yenye vidonda, toa samaki wote siku hiyo.

## Dalili ya sita: manyoya machache, wanadonoana

Mwanga mkali na msongamano kwanza. Kuku kumi kwa mita mraba wakikaribia kuchinjwa ni wengi kwa banda la bati. Kisha methionini. Soya ina lisini nyingi lakini methionini kidogo, na manyoya yanajengwa kwa asidi amino zenye salfa. Jedwali la 1994 linataka methionini 0.50% kwa vifaranga na 0.38% baadaye.

Hapa muhogo unarudi kwa mlango wa nyuma. Muhogo mchungu ambao haukulowekwa vizuri una sianidi, na mwili wa kuku hutumia salfa ile ile kuiondoa. Kwa hiyo mwenye mihogo mingi na samaki kidogo hupoteza methionini mara mbili: haimo kwenye muhogo, na iliyomo kwenye soya inatumiwa kusafisha sumu. Loweka mihogo siku tatu au nne, ianike vizuri, usipite 20% ya mchanganyiko, na ongeza methionini ya unga gramu 50 mpaka 100 kwa mfuko wa kilo 50. Ni pesa chache kuliko kopo la anzimu.

## Dalili ya saba: tumbo limejaa maji

Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mitaa yetu inapanda kutoka hapo. Hewa ni nyepesi, usiku ni baridi, na kuku wa nyama amezaliwa na haraka ambayo moyo wake hauiwezi. Kuku mzuri, mkubwa, wa wiki ya nne, anageuka buluu kwenye kilemba, anahema, tumbo linacheza kama kiriba, anakufa. Ukimpasua unakuta maji ya manjano na moyo uliolegea.

Wengi hulaumu anzimu kwa sababu wanaokufa ni wale waliokua zaidi. Kwa upande mmoja hawajakosea: chochote kinachoharakisha ukuaji kinauongezea moyo kazi. Lakini kinachoua ni baridi ya wiki mbili za kwanza, moshi wa makala (mkaa) ndani ya chumba kilichofungwa, na chumvi. Tafuta joto bila kufunga hewa: jiko la makala liwe na bomba au liwe nje ya duara la vifaranga, na uache nafasi ya hewa juu ya turubai, kiganja kizima. Kisha wapunguzie kasi kati ya siku ya 7 na ya 14: waondolee chakula kwa muda wa saa nane kila siku, maji yabaki. Watapungua gramu kadhaa na kuzirudisha baadaye. Kama bado unapoteza kuku watatu kwa mia kila wiki, daktari apasue na kuangalia mapafu.

## Dalili ya nane: malalamiko ya wateja

Mafuta mengi tumboni maana yake nguvu imezidi protini: mihogo na mawese mengi, samaki kidogo. Rudi kwenye hesabu ya mwanzo.

Nyama kunuka samaki ni rahisi zaidi. Toa sambaza zote siku 10 mpaka 14 kabla ya kuchinja, ziba pengo kwa soya iliyoiva, ongeza methionini kidogo, na usiondoe chumvi yote kwa kusahau kwamba samaki ndiye aliyekuwa akiileta. Mama mmoja anayechoma kuku Nyawera alinirudishia kuku sita kwa sababu ya harufu hiyo, akaniambia wateja wake wakitaka sambaza wanajua ziwa liko wapi.